Achari Bila Moto

Nilipoolewa kwenye mji wa Baraka, kando ya ziwa, nilikatazwa moto. Si kwa ubaya, waliniambia, ndiyo mila. Bibi harusi akiingia kwa mumewe hapiki mpaka mama mkwe ampe mafiga. Mama mkwe analiweka jiwe la kwanza kwa mkono wake, la pili, la tatu, na ndugu wa mke wanaleta chungu kipya. Kuanzia hapo una nyumba. Kabla ya hapo wewe ni mgeni anayefagia ua.

Mila hiyo naijua, nimezaliwa nayo. Kule kwetu Fizi mama yangu naye aliisubiri, akapewa mafiga kabla mbegu za maharage alizopanda hazijatoa maua. Lakini mimi mvua ziliisha, kiangazi kikaingia, pamba ikavunwa, na bado nilikuwa nachukua ugali wangu kwenye chungu cha mama mkwe kama mtoto wa shule. Kwanza alisema kuna msiba kwenye ukoo, si vizuri kuweka jiko jipya. Msiba ukaisha. Kisha akasema hajapata mawe mazuri. Mawe, hapa Baraka! Ukitoka nje bila kuangalia unajikwaa, halafu mtu anakwambia hajapata mawe.

Mume wangu Anatole alikuwa fundi wa mitumbwi. Mikono mikubwa, maneno machache. Nilipomuuliza alikuna kichwa.

"Ngoja kidogo, Émilienne. Mama iko na sababu yake."

"Sababu gani?"

"Mi sijue."

Basi ningoje kitu ambacho hata yeye hakijui. Asubuhi moja niliamka na homa, nikamwomba mama mkwe maji ya moto ninywe. Alikuwa amekaa mbele ya moto wake, makaa bado mekundu, akaniambia nisubiri, hajaamka vizuri. Nilikunywa maji ya baridi nikalia. Sikulia kwa homa, nililia kwa hasira, na siku ile nikajua kwamba sitakuwa mkwe mzuri.

Mama yangu alikuwa na bustani kule juu Fizi, udongo mweusi, baridi ya asubuhi, kila kitu kinaota. Kabichi yake, shu kama tulivyoiita, ilikuwa inaliwa mpaka na Wazungu wa teritwari, wakubwa wa serikali. Kamyo ya pamba iliposhuka Baraka alimwomba dereva aniletee kikapu: kabichi, karoti, vitunguu. Cha kwanza mama mkwe alikitia chote ndani ya chungu kimoja na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akakichemsha tangu asubuhi mpaka wanaume waliporudi kula. Huwezi kujua karoti ni ipi na kabichi ni ipi. Kikapu cha pili hakukigusa kabisa.

"Majani ya Bazungu," alisema. "Mi siko mbuzi."

Kikapu kikakaa mlangoni. Nikipita nakitazama. Majani ya juu yakaanza kuwa ya njano, na mimi nikakumbuka mgongo wa mama yangu ulivyoinama kwenye yale matuta. Nilikibeba kichwani, nikaruka uzio wa matete, nikaenda kwa jirani.

Jirani alikuwa Zainabu, mjane wa Kiislamu aliyezidi umri wa mama yangu, mtu wa kucheka hata peke yake. Bibi yake alivuka ziwa kutoka Ujiji zamani, akaja na ufundi wake wa jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anakata embe bichi vipande vyembamba.

"Nifundishe kupika hii," nilimwambia.

"Hii haipikwe," alisema. "Hii ni achari. Achari ya haraka, ya kula leo. Chumvi na ndimu njo zinaifanya. Moto ya nini?"

Nilikaa chini mara moja. Nakwambia, neno hilo liliniingia mwilini kuliko mahubiri yoyote ya padri.

Tulikata kabichi nyembamba kama nyuzi. Karoti tulizikwangua, tukazikata kwa urefu. Vitunguu mviringo, pilipili mbili za kijani, embe lake lile bichi. Tukamwagia chumvi ya Uvinza iliyovuka na mashua, Zainabu akaniambia nisugue kwa mikono, nisiogope, nisugue kama nguo ya mtu nisiyempenda. Nilisugua vizuri sana. Kabichi ikalegea, ikatoa maji, tukaikamua. Halafu ndimu, nyingi, mpaka vidole vikawasha kwenye mikwaruzo ya kisu. Tulifunika bakuli kwa sahani, tukafua nguo zake na zangu, na tulipomaliza kuanika, achari ilikuwa tayari. Nilionja. Ilikuwa chachu, ina chumvi, inawasha, na bado inalia kwenye meno. Ilikuwa ya kwangu. Tangu niingie Baraka sikuwa nimeshika kitu nikasema hiki ni cha kwangu.

Adhuhuri Anatole alirudi na Roger, mwenzake wa kazi, ambaye kila siku alikula kwetu. Mama mkwe aliweka ugali na ndagala. Mimi nikaweka bakuli langu katikati, nikarudi nyuma. Roger, ambaye hakuwahi kuona chakula akakiacha, alichovya tonge, akatafuna, akafumba macho.

"Yesu wangu! Nani alitengeneza hii?"

Mama mkwe aligeuka polepole.

"Nani alikupa moto?"

"Hakuna moto, Mama."

"Mi nakuuliza nani alikupa moto!"

"Shika bakuli, Mama."

Alishika. Aliweka kiganja chote, akakizungusha mpaka chini. Bakuli lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Aliutoa mkono, akaondoka kwenda kugombeza kuku. Anatole akahamisha sahani yake, akaisogeza karibu na bakuli langu, akala bila kuinua kichwa.

Kuanzia siku hiyo nilitengeneza achari kila nilipopata mboga. Mama mkwe alificha kisu, nikatumia cha Zainabu. Alifunga chumvi ndani ya kisanduku chake cha nguo, mashua za Kigoma zikaniletea nyingine. Mwishowe alikwenda kunishtaki kwa wanawake ufukweni, pale tulipoanika ndagala. Nilikuwepo, nageuza samaki.

"Huyu mutoto anapika bila mafiga!"

"Sipike," nilisema. "Nani ameona moshi?"

"Anaweka bakuli ku jua. Jua si moto?"

Wanawake wakatazamana. Wote walikuwa na samaki wao mchangani, juani. Zainabu ndiye aliyeanza kucheka, kisha wakafuata wengine, maana kama jua ni moto basi ufukwe mzima ulikuwa jiko na kila msichana asiyeolewa alikuwa anapika. Mama mkwe alichukua ungo wake akaenda. Najua nilipaswa kuinamisha kichwa. Sikuinamisha.

Sasa nilifanya kosa, na kosa lenyewe ni la kwetu, mtu wa mahali pengine asingelifanya. Roger alikuwa anapanda Fizi kutafuta mbao. Nilimpa chupa ya mdomo mpana, imejaa achari, nikamwambia ampelekee mama yangu. Nilitaka aone kabichi yake imekuwa nini. Nilitaka acheke. Basi. Lakini kwetu chakula cha kwanza ambacho binti anawatumia wazazi ndicho kinachotangaza kwamba amepewa mafiga. Hakuna anayetuma chakula kabla, kwa sababu hakuna anayekuwa na cha kutuma. Mimi nilikuwa nimebishana na mama mkwe kwa muda mrefu kwamba achari si kupika, mpaka mwenyewe nikaamini kwamba achari si chakula. Haikunipitia akilini hata kidogo.

Mama yangu alipopokea ile chupa alipiga vigelegele mpaka watu wa jirani wakaja. Alinunua chungu.

Walifika siku ya soko. Nilikuwa nafagia nikasikia wimbo, ule wa kuleta chungu, unatoka barabarani, na palepale nikaelewa nilichokifanya. Mama yangu alikuwa mbele, amevaa kitambaa chake cha misa, chungu kipya kichwani. Nyuma shangazi zangu, mmoja na kuku, mwingine na unga. Kamyo iliwaacha mbali, wakatembea, miguu yao ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Na watu wa Baraka, ambao hawajawahi kukosa tamasha la bure, walikuwa wanawafuata.

Mama mkwe alitoka ndani akasimama mlangoni.

"Nani aliwaita?"

Wimbo ukakatika. Mama yangu alitabasamu bado, hakuelewa.

"Mutoto alitutumia chakula, mukwe wangu. Tukajua umemupa mafiga. Tumeleta nyungu."

"Mi sijamupa kitu." Alisema kwa sauti, ili wa nyuma pia wasikie. "Mutoto yako iko mwizi. Amejifungulia jikoni yake mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Njo namna munalea batoto huko juu?"

Nilimtazama mama yangu. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lilikuwa limesahauliwa pale. Aliinua mikono, akakishika kile chungu kichwani kwake, akawaambia shangazi zangu kwa sauti ya chini, "Turudi." Akageuka. Watu wakampisha. Alikuwa anarudi Fizi na chungu kipya, mchana kweupe, katikati ya Baraka nzima, kwa sababu ya chupa yangu.

Nilitupa ufagio, nikamkimbilia, nikakishusha chungu kutoka kichwani kwake.

"Hii nyungu hairudi Fizi."

"Émilienne, acha. Aibu inatosha."

"Aibu ni ya nani, Mama? Si yako."

Wakati huo Anatole alikuwa amefika mbio kutoka ufukweni, shoka la kuchongea bado mkononi. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama mama yangu. Watu wote walisubiri atasema nini.

"Mi iko na njaa," alisema.

"Nyamaza!" tulimwambia wote watatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama mkwe kusema neno moja.

Mama mkwe aliona watu wanavyozidi. Hakuwa mjinga. Alikaa kwenye kigoda chake, akajifunga kitambaa vizuri.

"Basi," alisema. "Sitaki hii fujo. Nitakupa mafiga leo, hapa, mbele ya mama yako. Lakini ile kitu yako ya ndimu, unaenda kuimwaga ku ziwa. Na usiitengeneze tena kwa hii nyumba. Maisha yako yote."

Mama yangu alipumua. Shangazi zangu waliitikia kwa vichwa. Hata Roger, aliyekuja nyuma ya Anatole, alionekana kama anasema ni sawa, ingawa sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Kubali, mwanangu," mama yangu alinong'ona. "Ni majani tu."

Na ni kweli, ilikuwa bei ndogo. Bakuli la kabichi kwa nyumba nzima. Kitu nilichokisubiri tangu mvua kilikuwa mbele yangu, nilihitaji tu kusema ndiyo. Lakini nilijua nikiimwaga ile achari leo, kesho nitamwaga kingine, na keshokutwa kingine, na nitakuwa na mafiga matatu lakini moto bado utakuwa wake. Nilikikumbatia chungu.

"Hapana, Mama."

"Unasema nini?"

"Nasema hapana. Siimwage. Na uniambie hapa, bantu basikie: ile achari imekukosea nini? Ni kabichi. Ni chumvi. Imekufanyia nini?"

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa na yangu ya kumrudishia. Hakunitukana. Alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Tangu hiyo bakuli iingie," alisema, "Anatole anakamata sahani yake, anaenda kukaa upande yako. Mi naona. Baba yake alikufa. Dada zake, moya iko Uvira, moya iko Albertville, habakuye kuniona. Amebakia yeye tu ku nyungu yangu." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya hasira bado, hata machozi yalikuwa ya hasira. "Nikikupa mafiga, mi nitakula na nani?"

Anatole aliangalia shoka lake. Nafikiri hata yeye hakuwa amejua, na ndiyo maana hakuweza kuniambia.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini ile homa yangu ya kiangazi nayo nilikuwa naikumbuka, na miguu ya mama yangu yenye vumbi ilikuwa hapo mbele. Sikukiweka chungu chini.

"Utakula na siye, Mama," nilisema. "Kila siku. Lakini ku moto yangu."

"Hauna moto."

"Nitakuwa nayo."

Nilimpa mama yangu chungu akishike. Nilikwenda nyuma ya nyumba, pale Anatole alipoegemeza mbao zake, nikatoa jiwe moja kati ya yale aliyozizuia nayo, nikalibeba tumboni mpaka mbele ya chumba chetu nikalitua. La pili nikalitua mkabala nalo. La tatu nililileta pia, lakini nililiacha kando, kwenye vumbi, karibu na kigoda cha mama mkwe.

"Hii ni yako," nilimwambia. "Hii mi siiguse. Ukiiweka, vizuri. Usipoiweka, nitapika na mawe mbili."

"Nyungu haisimame ku mawe mbili!"

"Nitaishika."

Watu walianza kuguna. Shangazi yangu mmoja alijifanya ishara ya msalaba. Moto ulikuwa bado tatizo, maana jirani anayempa kaa la moto mwanamke asiye na mafiga anaingia kwenye ugomvi wa watu. Nilimsikia Zainabu nyuma ya uzio, kisha nikamwona anaruka yale matete, na umri wake ule, kigae mkononi, makaa yanang'aa ndani.

"Mi si wa mila yenu," alisema. "Nigombezeni."

Nilipanga vijiti, nikapuliza. Moshi ukapanda. Nilitia maji kwenye chungu, nikakiegemeza kwenye mawe mawili, na upande wa tatu nikaushika kwa mkono, nimefunga vidole kwa ncha ya kitambaa changu. Mwanzoni haikuwa kitu. Udongo mpya unachelewa kupata joto. Nilichuchumaa pale, moshi machoni, na Baraka nzima inanitazama, na mimi namtazama mama mkwe. Naye ananitazama. Kisha joto likaja. Liliingia kupitia kitambaa, likafika kwenye ngozi, na ile mikwaruzo ya ndimu ikaamka yote pamoja. Anatole alipiga hatua mbele.

"Usinisaidie!" nilimwambia, akarudi.

Kitambaa kilianza kunuka. Mama yangu alisema jina langu. Maji yalikuwa yanaanza kuimba chini ya chungu na mkono wangu ulikuwa unatetemeka, chungu kikitetemeka nao, na nilijua kabisa kwamba nitakishika mpaka ugali uive au mpaka ngozi itoke, kimoja kati ya hivyo viwili, na sikujali ni kipi.

"Utaungua, mupumbafu we!" mama mkwe alipiga kelele.

Aliinuka kwenye kigoda. Alikuja kwa hasira, kitambaa kinamburuta nyuma, na hakuinama, mkono wake hakuutoa. Alilisukuma lile jiwe kwa mguu, likabingirika kwenye vumbi, akalisukuma tena kwa kisigino mpaka likaingia chini ya chungu, palepale mkono wangu ulipokuwa. Chungu kikasimama.

Niliachia. Vidole vilikuwa vyekundu, nikavitia mdomoni, na juu yangu nikamwona amesimama, anapumua kwa nguvu.

"Asante, Mama," nilisema.

"Usinishukuru," alisema. "Ni mguu tu imeteleza." Akavuta kigoda chake, akakileta karibu na moto wangu, akakaa.